Kudremukh: mulima wa chuma chini ya mvula kubwa

Mutu wa mine wa kwetu Katanga akifika Kudremukh, kusini ya India, anaweza kujidanganya. Ataona milima isiyo na miti juu, nyasi tupu, na mara moja atasema: hapa chini iko minere. Hapa kwetu njo alama yenyewe. Wazee waliokuwa wakiyeyusha shaba walitafuta kilima kitupu, kile miti inakataa, na ua dogo la rangi ya buluu linaloota penye shaba.

Kule chuma kiko kweli, lakini nyasi hazikutokana nacho. Upepo na baridi vinasumbua miti juu ya mulima, basi imejificha mu mabonde: pori fupi, nzito, lenye kuvu kila tawi. Wenyeji wanaliita shola. Sisi tungesema mushitu.

Mvula ya kule inaitwa monsuni. Upepo unatoka baharini, unagonga milima hii ya magharibi, na maji yanaanguka toka mwezi wa sita mpaka wa tisa, wakati sisi tunakula vumbi ya kiangazi. Kudremukh inapata karibu milimita 7000 kwa mwaka. Lubumbashi inapata kama 1200. Fanya hesabu mwenyewe.

Maji hayo hayateremki yote kwa siku moja. Nyasi na shola vinayameza sawa eponji, halafu vinayaachilia pole pole. Ndiyo sababu mito ya Tunga, Bhadra na Netravati, ambayo inazaliwa mu milima hiyo, inalisha mashamba ya watu wa mbali sana. Mu shola anaishi pia nkima mweusi mwenye manyoya ya kijivu kuzunguka uso na mukia kama wa simba. Hapatikani fasi ingine duniani, ila milima hiyo ya magharibi. Anatembea juu ya miti tu. Ukikata pori katikati, umemufunga.

1976 serikali ya India iliunda kampuni ya kuchimba pale. Karieri ya wazi, minere maskini: iliisaga, ikaichanganya na maji, ikaipeleka kwa tiyo ya kilometa 67 hivi mpaka bandari ya Mangalore. Watu walipata kazi, na kambi yao ikakuwa muji. Lakini kila monsuni udongo uliofunguliwa uliingia mu Bhadra. 1987 pori likatangazwa hifadhi ya taifa, na mine iko mule mule. Watetezi wa pori wakaenda mahakamani. 2002 Mahakama Kuu ya India ikakata neno: kazi isimame mwisho wa 2005.

Ikasimama, na chuma kingali ardhini. Mimi naona mahakama ilikata vizuri juu ya maji. Lakini wale wa kwetu walioondoka kazini 2003 na bahasha mukononi wanajua siku kama ile inafanana namna gani mu nyumba. Kampuni haikufa, iliendelea na kiwanda chake cha Mangalore, kwa minere ya kutoka fasi zingine. Muji wa mulimani njo ulibaki karibu mutupu.

Kitu kimoja hakikuhama: baraji ya Lakya, kimo karibu mita 100, na nyuma yake matope ya minere ya miaka yote ile. Kila mwezi wa sita mvula inarudi juu yake, na lazima mutu awe pale wa kuichunga.