Ndoa Ikivunjika, Mikorosho ni ya Nani? Pa Kupata Msaada wa Sheria Bila Kuuza Mbuzi

Leo naweka kando viuatilifu na nafasi za kupandia, maana kuna swali nimeulizwa shambani ambalo jibu lake halimo kwenye vitabu vyangu vya kilimo.

Nilikwenda kukagua mikorosho ya mama mmoja. Ekari tano, miti 140, imeanza kuzaa vizuri tu. Nikamkuta amekaa chini ya mti, majani yamefika magotini. Nikauliza, mama, palizi vipi? Akanijibu: "Bwana shamba mwanangu, nimpalilie nani? Mwenzangu kaniambia nirudi kwetu. Eti shamba ni la baba yake, mimi nilikuja na kanga tu."

Mashimo ya mikorosho ile alichimba yeye. Najua, maana nilikuwepo. Kibaya zaidi, alikuwa ameshauza mbuzi wanne akampa hela mtu mmoja aliyejiita wakili. Sasa mtu huyo hapokei simu. Hao ndio tunaowaita vishoka.

Mimi si mwanasheria. Ila niliulizia kwa wanaojua, na niliyoyapata nawaletea.

Sheria inasemaje kuhusu shamba?

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 114, inaipa mahakama mamlaka ya kugawa mali iliyopatikana kwa nguvu za wote wawili. Tena hata mali ambayo mmoja alikuwa nayo kabla ya ndoa inaweza kuingia kwenye hesabu, kama iliendelezwa kwa kiasi kikubwa na mwenzake au na wote wawili wakati wa ndoa. Hapo ndipo penye hoja ya mama yetu: pori lilikuwa la mume, lakini mikorosho ilipandwa ndani ya ndoa.

Na wewe unayesema mkeo "hana kazi, anapika tu", jua kwamba mwaka 1983, kwenye shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilisema kazi za nyumbani nazo ni mchango. Hii haina maana kila kitu kinakatwa nusu kwa nusu. Mahakama inapima mchango wa kila mmoja, na mchango unahitaji ushahidi.

Uanzie wapi?

1. *Msaidizi wa kisheria.* Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua. Wamepewa mafunzo, wanakueleza haki zako na njia ya kupita, na hutakiwi kuwalipa. Ila hawasimami mahakamani kama mawakili. Kama huwajui wa kwenu, muulize afisa maendeleo ya jamii wa kata au wa halmashauri. Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia, iliyozinduliwa Dodoma mwaka 2023, nayo ikipita karibu usikae nyumbani. Nenda na makaratasi yako.

2. *Baraza la usuluhishi la ndoa.* Wengi wanakwamia hapa. Kwa kawaida mahakama haipokei ombi la talaka kabla hamjapita barazani, isipokuwa kwa sababu chache, mfano mwenzako amekutelekeza na hujui aliko. Baraza likishindwa kuwapatanisha linatoa hati. Itunze, na usikae nayo: inatakiwa iwe haijapita miezi sita siku unapofungua shauri.

3. *Mahakama ya Mwanzo.* Ina uwezo wa kusikiliza mashauri ya ndoa na talaka, inaendeshwa kwa Kiswahili, na unaweza kujieleza mwenyewe bila wakili. Kama huna uwezo wa kulipa ada, uliza utaratibu wa kuomba msamaha. Barua ya mtendaji wa kijiji inayoeleza hali yako inasaidia.

4. *Wakili, ikibidi.* Mambo yakiwa mazito, au shauri likipanda juu, yapo mashirika kama TAWLA, WLAC na LHRC yanayosaidia wasio na uwezo. Piga simu kwanza kabla ya kufunga safari. Na ukiamua kulipa wakili wa kwako, muulize jina kamili, lihakiki kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama, kubalianeni bei mapema na udai risiti. Asiyetaka kutoa risiti, achana naye.

Sasa narudi kwenye kazi yangu: daftari

Kila siku nawaambia muwe na daftari la shamba, mnaona bwana shamba anasumbua. Haya, faida nyingine hii hapa. Andika tarehe ya kupanda, idadi ya miche, vibarua uliowalipa, dawa ulizonunua. Tunza risiti na stakabadhi za AMCOS. Kama shamba ni la familia, jina la mama nalo liandikwe. Na mkipimiwa ardhi ya kijiji, ombeni hatimiliki ya kimila iwe na majina yenu wote wawili. Fanyeni hayo wakati mnapendana, maana wakati wa ugomvi hakuna atakayekubali.

Akina baba msinione nawachochea wake zenu. Makaratasi yanamlinda hata mwanaume, na yanawalinda watoto siku mmoja wenu akitangulia.

Mama yule sasa yuko barazani. Uamuzi bado. Daftari langu la ukaguzi lina jina lake tangu siku ya kupokea miche, na nimemwambia nikiitwa nitakwenda kusema nilichokiona. Wiki iliyopita nilipita tena, nikakuta palizi imefika nusu ya shamba. Nikafurahi kwa kweli, maana mikorosho ikiingiliwa na moto wa majani makavu, hakutakuwa na cha kugawana.

Tukutane wiki ijayo, tutaongea habari ya ubwiriunga.