Vipimo Safi, Tumbo Bado Linauma

Mei 2000, maji ya bomba ya Walkerton, mji mdogo wa jimbo la Ontario nchini Kanada, yaliingiliwa na kinyesi cha ng'ombe baada ya mvua kubwa. Watu zaidi ya 2,300 waliugua, 7 wakafariki. Waliopona walidhani yamekwisha. Watafiti waliowafuatilia walikuta wengi bado wanasokotwa na tumbo miaka kadhaa baadaye: leo wanaharisha, kesho wamefunga choo, ilhali vimelea walishatoweka. Baada ya miaka 8 wengi walikuwa wamepata nafuu, lakini si wote.

Hali hiyo madaktari huiita kwa kifupi IBS. Hushukiwa pale maumivu yanapokuja walau siku moja kwa wiki kwa miezi mitatu, yakiambatana na mabadiliko ya choo, na tatizo lenyewe likiwa limeanza miezi sita nyuma au zaidi. Si lazima itanguliwe na ugonjwa wa kuharisha, ila huo ni mlango wake mmojawapo.

Ukuta wa utumbo una mamilioni ya seli za neva zinazowasiliana na ubongo usiku na mchana. Kwa wagonjwa wengi wa IBS neva hizo zimekuwa nyepesi kuhisi kupita kiasi. Madaktari wamelipima jambo hili kwa kuingiza kipira kidogo kwenye njia ya haja kubwa na kukijaza hewa polepole. Kwa kiasi kile kile ambapo mtu mwenye afya anahisi kubanwa tu, mgonjwa wa IBS anahisi maumivu. Kamera haioni kidonda kwa sababu kidonda hakipo. Kumwambia mtu kama huyo "ni mawazo yako tu" ni kumwonea. Msongo wa mawazo huchochea hali hii, lakini maumivu ni ya kweli.

Huku kwetu tatizo jingine ni dawa za kubahatisha. Tumbo likiuma, duka la dawa hutoa dozi ya amiba. Likirudi, dozi ya taifodi, mara nyingi kwa kipimo cha Widal ambacho kinaweza kuonyesha taifodi kwa mtu asiyekuwa nayo. Nasisitiza: pima choo kwanza. Kwa wakazi wa kandokando ya Ziwa Victoria hilo lina uzito zaidi, kwani kichocho cha tumbo kipo kweli na kina dawa yake.

Kama vipimo ni safi, anza na daftari. Kwa wiki mbili tatu andika ulichokula, saa, na tumbo lilivyoitikia. Maharage, kabichi, vitunguu, ngano na maziwa ndivyo hutuhumiwa zaidi, kwa kuwa sukari zake hufika utumbo mpana bila kusagwa na bakteria huzigeuza gesi. Ugali wa mahindi na wali kwa kawaida havina shida. Usiache vyote kwa pamoja. Ondoa kimoja, kisha kirudishe uone. Maharage yaloweke usiku kucha na umwage maji yake. Anayefunga choo hufaidika na nyuzinyuzi za isapgol pamoja na maji ya kutosha. Pumba za ngano huwazidishia wengi gesi.

Lakini kuna dalili zisizongoja daftari. Kukonda bila sababu, upungufu wa damu, homa isiyoisha, kuharisha kunakokuamsha usingizini, uvimbe tumboni, choo cheusi kama lami, au choo kubadilika ghafla baada ya umri wa miaka 45: nenda hospitali. Vivyo hivyo ikiwa mzazi au ndugu yako aliugua saratani ya utumbo. Na tumbo likivimba, ukatapika, na hata upepo hautoki, nenda saa hiyo hiyo.

Damu kwenye choo ndiyo inayofichwa kuliko zote, kwa aibu, na kwa kujipa moyo kwamba ni bawasiri. Huenda ni bawasiri kweli, lakini saratani ya utumbo mpana nayo huweza kuanza hivyo hivyo, na ikigunduliwa mapema hutibika. Usiipe jina mwenyewe. Mwonyeshe daktari, na ukubali akupime.