Likizo ya mbugani: Kuzaliwa Afrika si kinga ya malaria

Shule zinapofungwa katikati ya mwaka Uingereza na katika nchi za Ghuba, familia nyingi zenye asili ya Afrika Mashariki hurejea nyumbani kuwajulia hali wazee na kuwapeleka watoto mbugani. Ndicho kipindi ambacho makundi ya nyumbu huvuka mto Mara, kati ya Serengeti nchini Tanzania na Maasai Mara nchini Kenya. Watalii wa kigeni hufika wakiwa wamekwisha kumwona daktari. Mzaliwa, mara nyingi, hufika bila dawa yoyote, akiamini kwamba malaria aliizoea tangu utotoni.

Imani hiyo ni ya hatari. Mtu aliyekulia penye malaria hujenga kinga, lakini si kinga kamili, nayo hudumu iwapo tu mwili unaendelea kukutana na vimelea vya ugonjwa huo. Akiishi miaka kadhaa London au Muscat, kinga hupungua. Watoto waliozaliwa huko hawana kinga hiyo hata kidogo. Ndiyo maana nchini Uingereza wagonjwa wengi wa malaria ni watu waliokwenda Afrika kuwatembelea jamaa zao, na wengi miongoni mwao hawakutumia dawa za kujikinga.

Je, msafiri afanye nini? Kwanza, amwone daktari wiki 4 hadi 6 kabla ya safari, hasa mjamzito na mwenye watoto wadogo. Dawa hutofautiana: mchanganyiko wa atovakwoni na proguanili huendelea kumezwa siku 7 baada ya kutoka penye malaria, ilhali doksisaiklini huendelea wiki 4. Asiikatize dozi kwa kuwa amekwisha rudi, kwani vimelea huweza kuwa bado vimo mwilini.

Pili, ajikinge na mbu. Mbu wa malaria huuma baina ya magharibi na alfajiri, saa ambazo wageni huketi nje kambini. Nguo za mikono mirefu, dawa ya kujipaka yenye DEET na chandarua kilichotiwa dawa ni vya lazima. Mchana kuna mbung'o, ambaye huweza kueneza ugonjwa wa malale, na huvutwa na nguo nyeusi na za buluu iliyoiva.

Kuhusu wanyama, kanuni ni chache: usishuke garini pasiporuhusiwa, na usiku usitembee kambini bila askari.

Hatari haiishi uwanjani mwa ndege. Malaria huweza kujitokeza kuanzia siku 7 baada ya kuumwa na mbu, na mara nyingine miezi mingi baadaye. Homa yoyote ndani ya mwaka mmoja baada ya safari ipimwe siku hiyo hiyo, na daktari aambiwe mgonjwa alikotoka. Asipoambiwa, huenda akaidhania mafua, na kuchelewa kwa siku moja kunaweza kugharimu maisha.