Wito Haumgeuzi Mzee Kitandani

Wenye makao ya wazee huniuliza swali lilelile kwenye simu, kwenye semina, hata kwenye foleni ya pilau harusini: "Sista, nitawapata wapi wahudumu wenye wito? Hawa wa siku hizi wanafuata mshahara tu." Leo nalijibu kwa maandishi ili nisiulizwe tena. Aliyeacha kazi kwako ulikuwa umeshampata. Uliza kilichomwondoa.

Tuupime huo wito. Zamu ya usiku, mhudumu mmoja, wazee 12 wasioweza kujigeuza. Ili wasipate vidonda vya kulalia, kanuni tuliyofundishwa ni kuwageuza kila baada ya saa 2. Kumgeuza mzee, kumkausha, kumbadilisha nepi na kunyoosha shuka ni dakika 5 kwa mwenye mkono mwepesi. Zidisha: dakika 60. Nusu ya muda wake imekwisha kabla hajampa mtu maji, hajamkimbilia anayeng'ang'ania kushuka kitandani, hajaandika chochote kwenye faili. Mpe wazee 24 na saa 2 zote zimekwisha kwa kugeuza tu. Tena wengi wao hawageuziki bila watu wawili.

Hata mhudumu akisali usiku kucha, dakika haziongezeki. Mwenye moyo atajaribu kuwafikia wote, mgongo utamshinda, ataondoka. Asiyejali ataruka vitanda, ataandika kwamba amegeuza, na mwaka wa tano utamkuta bado yupo. Kwa mpangilio huo unawafukuza haohao unaodai kuwatafuta.

Hapo huletwa hoja ya watawa. Ni kweli, masista wa Little Sisters of the Poor, shirika lililoanzishwa Ufaransa mwaka 1839 na Jeanne Jugan, wanaendesha Nyumba ya Wazee kule Kasarani, Nairobi, na utumishi huo wameuwekea nadhiri. Lakini mtawa hadaiwi kodi ya nyumba wala karo, hagombanii matatu alfajiri, na akizeeka shirika lake humtunza. Wito wake una paa na sahani ya chakula. Wewe unamdai mhudumu moyo wa kitawa huku mshahara wa Machi ukimfikia katikati ya Aprili.

Marekani wamelihesabu jambo hili la wahudumu kuacha kazi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 katika jarida la Health Affairs ulipitia nyumba za wazee zaidi ya 15,000 kwa miaka ya 2017 na 2018, kabla ya Korona. Kwa wastani, wauguzi na wahudumu waliondoka kwa kiwango cha asilimia 128 kwa mwaka: penye nafasi 100, kuondoka 128, kwa sababu hata waliokuja kuziba mapengo nao waliondoka. Nyumba zenye nyota moja katika upimaji wa serikali zilipoteza watu kwa kasi kuliko zenye nyota tano. Kima cha chini cha mafunzo ya wahudumu wa nyumba hizo zote ni kilekile kwa sheria ya taifa, saa 75. Wito haujui kuhesabu nyota. Uongozi ndio unaotofautiana. Na kule Minnesota na Massachusetts wapo Wakenya wengi wanaofanya kazi hiyohiyo inayosemwa kwamba vijana wetu hawaiwezi.

Kwa hiyo semina ya motisha, keki ya Siku ya Wauguzi, Mei 12, na picha ya Mfanyakazi Bora ukutani, acha. Fedha hizo nunua glavu.

Yanayosaidia ni haya, nayasema mara moja. Lipa kwa tarehe, kwa mkataba, na michango ya hifadhi ya jamii ipelekwe. Toa ratiba ya zamu wiki mbili kabla, na usiibadilishe usiku kwa ujumbe wa simu. Mpe kila mhudumu wazee walewale kila zamu: atajua Bibi fulani leo hajala kama kawaida kabla homa haijapanda. Mgeni asiachwe peke yake mwezi wa kwanza. Mpange na mzoefu, na mzoefu huyo umlipe kwa kufundisha. Nunua shuka za kutelezesha na mashine ya kuinulia. Mfundishe matroni kusimamia watu, maana alisomea kutibu. Waulize wahudumu kinachowachosha wakiwa bado kazini. Barua ya kuacha kazi haina msaada huo. Ruhusa ya msiba isiombwe kwa magoti.

Mtasema fedha hakuna. Piga hesabu ya tangazo la kazi, usaili, sare mpya na zamu za ziada kila mtu anapoondoka, kisha linganisha na nyongeza uliyomnyima. Hata ukiikosa hiyo nyongeza leo, ratiba ya wiki mbili haina gharama zaidi ya karatasi. Ibandike Jumatatu.