Kwa Nini Ziwani Usiku Si Baridi

Mvuvi wa Muhuta aliyetoka jioni kuvua ndagala kwa taa huona jambo la ajabu. Usiku wa manane hewa ya katikati ya ziwa ni ya vuguvugu. Alfajiri akikaribia ufuo, hupigwa na baridi itokayo milimani. Sababu yake ni nini?

Maji hupata joto polepole, na hulipoteza polepole. Kupasha kilo moja ya maji digrii moja kwataka joto mara tano hivi ya lile la kilo ya mchanga mkavu. Tena nuru ya jua hupenya majini, na mawimbi huyachanganya. Mchangani joto hukaa juu tu. Basi hewa ya ziwani hufuata maji. Katika bahari kuu, mbali na nchi kavu, hewa ya mchana na ya usiku hupitana digrii moja hivi tu. Jangwani huweza kupitana 20.

Tofauti hiyo ndiyo izaayo upepo. Mchana nchi hupata moto, hewa yake hupanda, na upepo huvuma kutoka ziwani. Usiku nchi hupoa, na hewa baridi huteremka milimani kuelekea majini. Upepo huo humsaidia mvuvi kutoka, lakini ukizidi humtupa mbali. Mwenye mtumbwi mdogo na azijue saa zake.

Jaribuni wenyewe: adhuhuri kanyageni mchanga wa ufuoni, kisha tieni mguu majini. Rudieni alfajiri. Mchanga uliowachoma umekuwa baridi. Maji ni karibu yale yale.