Kinyonga wa Kenya na taa inayodanganya macho

Kinyonga wa pembe tatu ni wa nyanda za juu za Kenya, lakini kuna wenzake wanaofugwa sebuleni huko Marekani. Ndani ya nyumba hakuna jua la kuota, so uhai wao unategemea taa ya miale ya UVB. Miale hiyo humsaidia kutengeneza vitamini D3. Akiikosa, mwili haupati kalsiamu vizuri, mifupa inalegea, miguu inapinda.

Kumweka dirishani? Wapi! Kioo huzuia karibu UVB yote. Balbu ya kawaida nayo inaleta mwanga na joto tu.

Wafugaji wengi hupenda taa ndefu ya mrija, iliyowekwa nje juu ya wavu ili asiiguse akaungua. Huwashwa muda wa saa 12, usiku inazimwa. Majani ya kujificha ni lazima, maana miale ikizidi huumiza macho na ngozi.

Mtego ndio huu: UVB huisha kabla ya mwanga. Unaona taa inawaka fiti, kumbe mnyama anaumia polepole. Ndiyo maana hubadilishwa kila miezi 6 hadi 12, kulingana na aina.

Na wewe uliye hapa Kenya, usimtoe kichakani. Kufuga mnyamapori bila kibali ni kosa kisheria. Mwache hapo, jua analipata bure.