Tembo, Kahawa na Baraza: Maneno na Desturi za Unywaji katika Kisiwa cha Unguja

Msemaji wa Kiunguja akisema juu ya mtu kwamba "anakunywa", pasipo kutaja kinachonywewa, msikilizaji haulizi kama ni maji au ni chai. Amekwisha kufahamu. Kimya hicho cha kuacha kutaja kitu chenyewe ni dalili ya jambo kubwa. Katika kisiwa ambacho karibu wenyeji wake wote ni Waislamu, kileo kimeharimishwa na dini. Hata hivyo lugha ya kisiwa hicho ina hazina kubwa ya maneno ya vileo, ya wanaovitengeneza na ya mahali vinaponywewa. Makala haya yanakusudia kuyachambua baadhi ya maneno hayo, kueleza yalikotoka, na kuonyesha jinsi yanavyofunua historia ya watu wanaoyasema.

La kwanza kwa ukale ni tembo, yaani maji ya mnazi yaliyogemwa yakachacha. Wanafunzi wengi wa leo hulifahamu zaidi neno hili kwa maana ya mnyama mwenye mkonga, ambaye watu wa pwani walimwita zaidi ndovu. Maneno haya mawili hutengwa na sarufi, wala si na matamshi. Mnyama hufuata upatanisho wa viumbe: tembo huyu, tembo amekufa. Kinywaji kimo katika ngeli ya LI-YA: tembo hili, tembo limechacha. Methali mashuhuri isemayo kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji imeihifadhi sarufi hiyo katika kiambishi -li- cha kitenzi chake. Mwanafunzi asemaye "huitia" amekwisha kulisahau tembo la mnazi, ingawa methali yenyewe bado anaikumbuka.

Kazi ya mgema si kazi ya mkwezi. Mkwezi hupanda mnazi akaangua nazi au madafu, akashuka, akaenda zake. Mgema hurudi kwenye mnazi ule ule asubuhi na jioni, siku baada ya siku. Huchagua karara changa ambalo bado halijafunguka, akalifunga, akalikata ncha kwa kotama, ambacho ni kisu kifupi, kipana, kilichopinda. Kisha hutungika kitoma au kibuyu ili utomvu udondoke ndani yake. Kila apandapo hukata tena ubale mwembamba, kwa kuwa jeraha likikauka utomvu hukoma. Utomvu huo ukishuka ni mtamu, na huitwa tembo tamu. Lakini chachu iliyomo hewani na katika kibuyu huanza kazi yake mara moja, hata tembo lililoteremshwa asubuhi jioni huwa tembo kali. Likiachwa siku kadhaa hugeuka siki. Likichemshwa lingali tamu, likapikwa mpaka likawa zito, hupatikana asali ya tembo. Na tembo kali likikenekwa, yaani likichemshwa na mvuke wake ukapozwa na kukusanywa, hutoka zarambo, kinywaji kikali kuliko tembo lenyewe. Zamani tembo lilitumiwa hata jikoni kuumulia unga wa mikate. Kwa hiyo si kila aliyekwenda kwa mgema alikwenda kutafuta ulevi.

Ufundi wa minazini umeacha alama zake mahali pasipotazamiwa. Walipoanza watu kukata miti ya mpira ili kupata utomvu wake, hawakutunga kitenzi kipya, bali walisema wanagema mpira. Vilevile kidato, kwa maana ya awali, ni mahali palipochanjwa katika shina la mnazi ili mpandaji apate pa kuweka mguu wake. Leo neno hilo limo shuleni, na mtoto husema kwamba yuko kidato cha pili au cha nne, wala hajui kwamba ngazi anayoipanda ilichanjwa kwanza katika shina la mnazi.

Kuharimishwa kwa kitu si sawa na kukosekana kwake. Maibadhi wa ukoo wa kifalme na Mashafii walio wengi hawakutofautiana katika hukumu ya vileo. Lakini katika tungo za kale zinazonasibishwa na Fumo Liyongo wa pwani ya kaskazini tembo la mnazi limetajwa bila kificho. Lugha nayo imepanga maneno yake kwa daraja. Khamri ni neno la mimbari na la vitabu vya sheria. Pombe ni neno la Kibantu, ambalo kwa asili lilifungamana zaidi na vinywaji vya nafaka vya bara, kisha likawa jina la jumla. Kileo ni kitu kinachomlevya mtu. Ulevi ni hali ya mlevi, lakini kwa Waunguja ni pia jina la kinywaji chenyewe, hata husemwa kwamba fulani anauza ulevi. Hapa hukumu imekwisha kuingia ndani ya jina: kitu kimeitwa kwa matokeo yake mabaya. Yafaa kukumbuka, hata hivyo, kwamba lugha hiyo hiyo imeweka pia mlango wa kutokea, nao ni kitenzi levuka, kutokwa na ulevi, chenye ule mnyambuliko wa kutendua unaoonekana katika ziba na zibuka.

Baada ya maneno ya minazini yalikuja maneno ya merikebu. Mvinyo ni neno la Kireno, nalo ni mabaki ya nyakati za Wareno, ambao nguvu zao katika sehemu hii ya pwani zilivunjika Ngome ya Yesu ya Mombasa ilipotekwa mwaka 1698. Kwa muda mrefu Waswahili hawakulifunga neno hilo katika maji ya zabibu tu, bali waliliita hivyo hata pombe kali ya kigeni. Divai, ambayo asili yake ni Kifaransa, imepata makao zaidi katika lugha ya kanisa. Wala si ajabu, kwa kuwa mapadre Wafaransa walifika Unguja mwaka 1860, kabla ya kwenda kuanzisha misheni ya Bagamoyo mwaka 1868. Bia na baa ni maneno ya Kiingereza, na ni ya mwisho kufika. Hivyo mtu akiyapanga maneno haya manne kwa zamu yake ya kuingia, amekwisha kupata muhtasari wa wageni waliokuja kwa nguvu, kwa dini na kwa serikali.

Serikali hiyo ya mwisho ilileta pia sheria. Mwaka 1890, ambao ndio mwaka Zanzibar ilipowekwa chini ya himaya ya Uingereza, mataifa yalitia sahihi Mkataba wa Brussels. Mkataba huo ulikusudia hasa kukomesha biashara ya watumwa, na ofisi yake ya mambo ya baharini iliwekwa mjini Unguja. Lakini ulikuwa na sehemu nyingine iliyozuia pombe kali katika eneo kubwa la Afrika, tangu nyuzi 20 kaskazini ya ikweta mpaka nyuzi 22 kusini. Mwaka 1919 ulifuata mkataba mwingine wa Saint-Germain-en-Laye juu ya biashara ya vileo katika Afrika. Watu wa dini wangeweza kuyapokea makatazo hayo kwa furaha, lau kama msingi wake ungalikuwa sawa na wao. Lakini Mkataba wa Brussels uliacha nafasi ya kuingizwa kiasi maalumu kwa ajili ya wasio wenyeji. Dini ilikuwa imemkataza kila muumini kwa sababu ya kitu chenyewe. Mkataba ulimkataza mwenyeji kwa sababu ya asili yake, ukamruhusu mgeni kitu kile kile.

Ubaguzi huo unaonekana hata katika historia ya neno moja. Mwaka 1888 Waingereza wa Unguja walianzisha klabu yao, na baadaye jumba la klabu hiyo huko Shangani, lenye roshani inayotazama bahari upande wa machweo, likawa mahali pao pa kunywa na kuzungumza. Neno hilo hilo la Kiingereza lilipopita katika vinywa vya watu wa mijini barani lilipata sura nyingine, likawa kilabu, na kilabu cha pombe kikawa mahali pa watu wa kawaida kunywa pombe ya kienyeji, chini ya macho ya wakuu wa mji. Klabu ni ya wanachama, kilabu ni cha makabwela. Irabu moja ndogo imebeba tofauti ya matabaka mawili. Baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 klabu ya Waingereza ilikwisha, na jumba lake likajulikana kwa jina la Africa House. Mahali palipokuwa pa wachache pakawa hoteli.

Yote hayo, hata hivyo, hayaelezi unywaji wa jamaa kama Waunguja wengi wanavyoujua. Kinywaji cha mkutano wao ni kahawa. Neno lenyewe lina kisa. Katika Kiarabu cha kale qahwa lilikuwa mojawapo ya majina ya mvinyo. Ndipo katika karne ya 15 masufi wa Yaman walipoanza kunywa maji ya buni ili wapate kukesha katika dhikri, na jina likahamia kwenye kinywaji kipya. Wanazuoni wengine walikitilia shaka, na mwaka 1511 kilikatazwa huko Makka, ingawa katazo hilo halikudumu. Kwa hiyo kahawa ilichukua jina la mvinyo, na katika miji ya Waislamu ikachukua pia sehemu kubwa ya kazi yake ya kukutanisha watu, bila ya kuwaondolea akili.

Katika Mji Mkongwe kazi hiyo hufanyika barazani. Baraza kwa maana ya kwanza ni kikao cha mawe kilichojengwa nje ya nyumba, ambapo mwenye nyumba aliweza kumkaribisha mgeni bila ya kumwingiza ndani kwa watu wake. Kutokana na maana hiyo limetoka baraza la wazee, na hatimaye baraza la mawaziri. Muuza kahawa hupita na dele lake juu ya makaa, akigonganisha vikombe vidogo visivyo na mkono, na mlio huo ndio tangazo lake. Kahawa ni chungu, mara nyingine ina tangawizi, na utamu wake hutafutwa katika kashata au halua. Watu hucheza bao, karata au dhumna, husikiliza habari na kubishana. Mahali paitwapo Jaws Corner, palipopata jina lake kwa filamu ya Kimarekani ya mwaka 1975, ni mashuhuri kwa kahawa, televisheni na mabishano ya siasa.

Leo vitu hivi viwili vinakaa karibu kuliko zamani. Tangu katikati ya miaka ya 1980 utalii umeongezeka, na baa nyingi za Unguja zimo katika mahoteli. Mapema mwaka 2024, leseni za waagizaji wa zamani ziliposimamishwa, vileo viliadimika na bei zikapanda, ikadhihirika jinsi kitu kisicho cha wenyeji walio wengi kilivyokuwa sehemu ya uchumi wao. Mazungumzo juu ya jambo hilo yalifanyika, kama kawaida, penye kahawa.

Kwa mtaalamu wa lugha hatari iko kwingine. Kahawa na baa hazihitaji mtetezi, kwa kuwa maneno yake yanasemwa kila siku. Yanayopotea ni maneno ya mgema: kotama, kitoma, zarambo. Kiunguja ndicho kilichochaguliwa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili Sanifu, na maneno hayo yalikusanywa katika kamusi za zamani kwa sababu wakati huo yalikuwa hai. Mtunga kamusi akiona haya kumwuliza mgema kwa sababu kazi yake ni ya kileo, atakuwa amepoteza pamoja na tembo maarifa ya mnazi, ya chachu, ya siki na ya mikate. Na methali itabaki ikisomeshwa na walimu wasiojua kwa nini inasema "hulitia". Hukumu ya kinywaji ni kazi ya wanazuoni wa dini. Kuyaandika maneno yake kabla ya wenye kuyajua hawajaondoka ni kazi ya wanazuoni wa lugha, nayo haijamalizika.